Taa za sola, kufuli, fensi ya umeme na kamera: kipi kinunuliwe kwanza mwizi akisharuka ukuta

Asubuhi mwenye nyumba akikuta alama za viatu kwenye rangi ya ukuta wa nyuma, au taa ya uani imevunjwa na mbwa walibweka saa nane usiku, wazo la kwanza kwa wengi Dar es Salaam ni kwenda Kariakoo kununua kamera. Inaeleweka. Kamera inaonekana, na usiku inampa mtu kitu cha kutazama kwenye simu. Ila kamera haimzuii mtu. Kati ya vifaa vyote vya ulinzi wa nyumba vinavyouzwa madukani, hiyo tungeiweka mwisho kabisa. Mwizi wa usiku anaogopa kuonekana na kuchelewa, na vifaa vinavyomletea hofu hizo mbili vinagharimu kidogo kuliko kamera nne na mashine yake ya kurekodi.

Mapitio haya ni ya vifaa vinavyopatikana kwenye maduka ya umeme na ya vifaa vya ujenzi jijini, kwa nyumba ya kawaida: ukuta wa tofali, geti la chuma, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, bustani kidogo mbele na ua nyuma. Walio karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, wana adui wa ziada: chumvi ya hewani. Tutaitaja kila inapohusika.

Kabla ya kutoa hela, toa taarifa polisi upate namba ya RB (namba ya dharura ni 112), na mwambie mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu mtu aliyeruka kwako huenda aliruka na kwingine wiki hiyo hiyo. Halafu zunguka nje ya ukuta wako mchana, kisha tena usiku, ukijiuliza yeye alikanyaga wapi. Mara nyingi jibu ni kitu cha mwenye nyumba mwenyewe: rundo la matofali lililobaki kwenye ujenzi, ngazi ya mbao iliyolazwa nyuma ya banda, mnara wa simtanki ulio mita moja kutoka ukutani, tawi la mwembe wa jirani, au mashine ya nje ya kiyoyozi iliyofungwa chini ya dirisha la juu na kuwa ngazi tosha. Kuhamisha matofali ni bure. Bustanini, kata maua ya uzio wa ndani yabaki chini ya mita 1, na miti iliyo karibu na nyumba iondolewe matawi ya chini hadi urefu wa mita 2, mtu asipate pa kuchutama. Chini ya madirisha ya vyumba mwaga kokoto, tabaka la sentimita 5 hadi 7. Hakuna anayetembea juu ya kokoto kimyakimya.

Taa za sola zenye sensa

Hapa pesa ndogo inafanya kazi kubwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Usisome wati zilizoandikwa kwenye boksi. Utakuta taa imeandikwa wati 300 na paneli yake inatosha kiganjani, jambo ambalo haliwezekani. Paneli nzuri ya siku hizi, jua likiwa la utosi, hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Nenda dukani na rula. Paneli ya sentimita 35 kwa 24 ni mita za mraba 0.084, yaani kama wati 16. Kwa saa 5 za jua zuri unapata wati-saa 80. Toa upotevu wa chaji, vumbi na joto, zinabaki 50 na kitu. Usiku wetu ni wa saa 12 karibu mwaka mzima, kwa hiyo gawanya: ni wati 4 na ushee za kuwaka usiku kucha. Hiyo ndiyo taa unayonunua, boksi liandike litakavyo. Paneli ya sentimita 10 kwa 10 ni wati 2 tu, na taa yake inafaa kumulika mlango wa jiko na si zaidi.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini sensa ni ya lazima. Taa inayowaka kwa nguvu zote tangu magharibi huwa imekufa saa tisa usiku, saa ambayo ndiyo unayoihitaji. Chagua yenye namna ya kuwaka hafifu muda wote na kuongeza mwanga wote kwa sekunde 20 hadi 30 ikiona mtu. Mabadiliko hayo ya ghafla yana faida yake pia, kwa kuwa jicho la aliye ndani hugutuka na aliye nje anajua ameonekana.

Betri ndiyo inayokufa kwanza. Muuzaji akikuruhusu, fungua skrubu za nyuma uangalie. Ukikuta betri za duara za saizi 18650 zimeandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), rudisha taa kwenye rafu: betri halisi za saizi hiyo zina kati ya 1200 na 3500, na moja ina uzito wa kama gramu 45. Nyepesi mno ni ganda lenye betri ndogo ndani. Zilizo bora kwa joto la kwetu ni zile zilizoandikwa LiFePO4, volti 3.2, kwa sababu zinavumilia joto la boksi lililopigwa na jua mchana kutwa na zinachajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Kama betri imechomelewa kwenye bodi badala ya kuwa na plagi ndogo, jua kwamba ikifa utatupa taa nzima.

Sensa nyingi ni za PIR, zinazohisi joto la mwili likipita mbele yake. Mambo mawili hayaandikwi kwenye boksi. La kwanza, sensa hii inamwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake na inamwona vibaya anayeijia uso kwa uso. Ukiifunga katikati ya ukuta wa nyumba ikitazama uzio, aliyeruka anatembea kuielekea moja kwa moja na anaweza kukaribia sana kabla haijashtuka. Ifunge kwenye kona ya nyumba, itazame sambamba na uzio, ili kila anayetoka ukutani kuja nyumbani aikatize. La pili, inapima tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira. Masafa ya mita 8 hadi 12 yanayotangazwa ni ya usiku wa baridi. Usiku wa Januari hapa, joto likiwa karibu nyuzi 27 au 28, panga kazi yako kwa mita 5 au 6.

Urefu wa kufunga ni mita 2 hadi 2.5. Mafundi wengi huipandisha mita 4 ili isiibwe, kisha mwenye nyumba analalamika kwamba haiwaki mpaka asimame chini yake. Kama unaogopa kuibiwa taa, tumia skrubu zenye kichwa kisichofunguka kwa bisibisi ya kawaida, au nati iliyovunjwa meno.

Zipo pia zenye sensa ya rada. Hizo zinaona hata nyuma ya mbao na plastiki, na kwenye nyumba iliyo kando ya barabara zinawaka kila bodaboda ikipita, mpaka betri inaisha. Hatuzishauri kwa kiwanja kidogo. Na PIR nayo ikianza kuwaka ovyo, kabla ya kulaumu kiwanda angalia mjusi: mijusi hupenda joto la taa na wadudu wake, na mmoja akitambaa juu ya kioo cha sensa ni kama mtu mzima amepita.

Nunua yenye paneli iliyotengana na taa kwa waya wa mita 3 hadi 5. Zile ambazo paneli na taa ni kitu kimoja hufungwa chini ya upenu, penye kivuli, na hazishibi. Dar es Salaam iko kusini kidogo mwa ikweta, hivyo paneli itazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo unatosha mvua kuiosha. Wakati wa kiangazi ifute kwa kitambaa chenye maji kila baada ya wiki mbili. Kivuli cha tawi moja la mwarobaini kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chaji. Boksi liwe na alama ya IP65 au zaidi, yaani kipimo cha kuzuia vumbi na maji. IP44 si ya masika. Pwani, badilisha skrubu za kiwandani weka za chuma cha pua.

Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, taa 4 zinatosha: geti, kona mbili za nyuma, mlango wa jiko. Ongeza balbu moja ya LED ya wati 9 ya umeme wa TANESCO, yenye kitambuzi cha giza, upande wa nyuma. Inakula uniti 3 na kidogo kwa mwezi. Wiki ya mawingu itakuokoa, na umeme ukikatika za sola zipo.

Kufuli na geti

Kufuli la dhahabu linalong'aa halisemi lolote kuhusu ubora. Nenda dukani na sumaku ndogo na tupa. Sumaku ikinasa kwenye mwili wa kufuli lililouzwa kama shaba, hilo ni chuma kilichopakwa rangi. Isiponasa bado linaweza kuwa zinki, kwa hiyo kwaruza kidogo chini, karibu na tundu la ufunguo: rangi ya kijivu ikitokea, ni zinki, nayo hupasuka kwa nyundo. Kisha pitisha tupa mara moja kwenye upinde, ule mkono wa juu unaofungua. Chuma kilichokaushwa kwa moto hufanya tupa iteleze bila kuuma. Kikiumwa na tupa, mkasi wa kukatia nondo utakimaliza kwa pigo moja. Muuzaji asiyekubali jaribio la tupa anakujibu tayari.

Kwa geti tafuta upinde wa milimita 10 au zaidi, na mwili wenye mabega yanayopanda kuufunika ili mkasi usipate pa kuingia. Makufuli yaliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 12320 huwa na daraja kuanzia 1 hadi 6. La geti liwe 4 kwenda juu. ABUS ya Ujerumani huandika kiwango chake kwenye kifungashio, lakini jihadhari na nakala: kwenye nakala maandishi ya mwilini huwa yamechorwa juu juu na ufunguo hucheza ndani ya tundu.

Hata hivyo kufuli bora halisaidii likining'inia kwenye masikio ya bapa la milimita 3. Mwizi mwenye akili hagusi kufuli, anakata sikio. Masikio yawe ya bapa la milimita 8, yamechomelewa pande zote mbili. Kisha mwambie fundi achomelee boksi la bati nene la milimita 4 kufunika kufuli lote, wazi upande wa chini tu, pawe na nafasi ya mkono na ufunguo. Mkasi haufiki, nyundo haifiki, na aliye na grenda itambidi apige kelele mtaa mzima uamke. Kwa gharama yake, hilo boksi ndilo tunalolipa alama za juu kabisa katika mapitio haya yote.

Tazama na bawaba. Mageti mengi ya mtaani yanakaa juu ya pini, na watu wawili wakilinyanyua kwa nondo linatoka kufuli likiwa limefungwa. Dawa ni nati moja iliyochomelewa juu ya pini ya bawaba ya juu, kazi ya dakika chache. Na lile tundu la kupitisha mkono lililokatwa getini ili kufungua kwa nje linamwonyesha kila mpita njia kama kufuli liko ndani au nje, yaani kama nyumbani kuna mtu. Lizibwe kwa kipande kinachofunguka kutoka ndani.

Usitie mafuta ya kupikia wala grisi kwenye tundu la ufunguo. Vumbi litaganda humo. Sugua risasi ya penseli kwenye meno ya ufunguo, ingiza, zungusha, rudia. Pwani nunua mwili wa shaba halisi. Makufuli ya vipande vya chuma vilivyobanwa pamoja huoza kwa ndani wakati nje bado yanapendeza.

Milango na madirisha

Kitasa cha leva tatu (vile vibao vya ndani vinavyonyanyuliwa na ufunguo), kilicho kwenye nyumba nyingi za kupanga, hufunguka kwa funguo za jirani mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Cha leva tano hakigharimu sana zaidi na kinaingia kwenye nafasi ile ile ya mbao ikiwa kipimo kutoka ukingo wa mlango hadi tundu la ufunguo ni kile kile, kwa hiyo chukua vipimo kabla ya kwenda dukani. Mlango ukipigwa teke, kinachovunjika si kitasa. Ni fremu, pale kipande cha chuma kinachopokea ulimi kilipofungwa kwa skrubu za sentimita 2. Toa hizo, weka za milimita 75 hadi 100 zenye plagi zake, zipite fremu ya mninga ziingie ukutani. Kwenye milango ya aluminiamu na chuma yenye silinda, silinda isijitokeze nje zaidi ya milimita 3, maana inayojitokeza hubanwa kwa koleo ikakatika katikati.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma linafungwa na komeo dogo linalotoka kwa bisibisi, na bawa lake hunyanyuliwa likatoka kwenye reli. Kata fimbo ya mbao au bomba ilale kwenye reli ya chini nyuma ya bawa linalosogea, halafu kaza skrubu mbili kwenye reli ya juu zibakize uwazi wa milimita 2 tu juu ya bawa. Bado linasukumika lakini halinyanyuki.

Grili ziwe za nondo ya mraba ya milimita 12, uwazi usiozidi sentimita 12, na miguu yake iingie kwenye ukuta, isifungwe kwa riveti kwenye fremu ya aluminiamu. Katika kila chumba cha kulala, grili moja iwe na mlango unaofunguka kutoka ndani, ufunguo wake uning'inie mahali ambapo hata mtoto anapafikia lakini mkono kutoka dirishani haufiki. Nyumba zinaungua, na watu wamefia nyuma ya grili zilizochomelewa moja kwa moja. Hili halina mjadala, na fundi anayesema grili ya kufunguka ni dhaifu hajui kutengeneza bawaba.

Fensi ya umeme

Ikifungwa vizuri, fensi ya umeme ndiyo king'ora bora cha uzio. Ikifungwa vibaya inapiga kelele kila mvua ikinyesha, na baada ya mwezi mwenye nyumba anaizima. Tofauti iko kwenye vitu vidogo ambavyo mnunuzi haambiwi.

Mashine yake, ambayo mafundi huiita enajaiza, inatuma pigo la volti elfu kadhaa kila baada ya sekunde moja na kidogo, na kila pigo ni la sehemu ndogo sana ya sekunde. Linauma, linamrusha mtu, halimgandishi. Kiwango cha kimataifa ni IEC 60335-2-76. Tafuta namba hiyo kwenye kibandiko cha mashine, na kama haipo usinunue. Kinyume chake ni ule ushenzi wa kuunganisha waya wa ukutani moja kwa moja na umeme wa nyumba. Volti 230 mfululizo hukaza misuli, mtu hawezi kuachia, anakufa. Atakufa mwizi, au mtoto aliyefuata mpira, au fundi wa dishi. Anayependekeza hivyo asikanyage kwako tena.

Ethi, yaani fimbo za chuma zinazogongwa ardhini ili pigo lipate njia ya kurudi kwenye mashine, ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mafundi wa haraka hugonga fimbo moja fupi na kuondoka. Fensi inahitaji fimbo 3 za mita 1.2, zilizoachana mita 2 hadi 3, zikiwa mbali na ethi ya nyumba kwa mita 2 au zaidi. Katika mchanga mkavu wa pwani, ongeza ya nne na uzigonge mahali panapomwagiwa maji. Ethi mbovu inaonyesha volti nzuri kwenye kioo cha mashine, lakini mtu akigusa anasikia mwasho tu.

Kosa la pili ni waya wa kutoka kwenye mashine hadi ukutani. Waya wa kawaida wa nyumba una ganda la kuhimili volti 750. Ukiupitishia volti 7000 ndani ya bomba la chuma, umeme unaruka, unasikia tik tik tik ukutani usiku kucha na redio inakwaruza. Lazima uwe waya wa volti kubwa uliotengenezwa kwa fensi, wenye ganda nene maradufu. Uliza uuone kabla haujaingia kwenye bomba.

Nyaya za juu ziachane sentimita 10, wa kwanza usizidi sentimita 10 kutoka kichwa cha ukuta, nguzo kila mita 3, na kona ziwe na nguzo nzito, kwa sababu ndizo zinazobeba mvuto wote. Nyaya 6 zinatosha juu ya ukuta wa mita 2. Maungio yafanywe kwa vibanio vya kukaza kwa nati, si kwa kusokota kwa koleo. Shaba ikisokotwa na aluminiamu, kwa chumvi ya pwani inalika haraka, pigo linapungua, king'ora kinalia bila sababu. Pwani lipa zaidi upate waya wa chuma cha pua. Bogenvilia ikigusa waya, mvua ya kwanza itaamsha mtaa. Ikate ibaki sentimita 30 chini ya waya wa chini.

Betri ya ndani ni ya volti 12, Ah 7. Mashine ya jouli 5 inakula kama nusu ampea au zaidi kidogo, kwa hiyo betri mpya inapita usiku mmoja wa kukatika umeme, na ya miaka mitatu haipiti hata saa mbili. Ibadilishe kila baada ya miaka 2 hadi 3 bila kusubiri ife. Vibao vya njano vya onyo viwe kila mita 10 na kwenye geti. Mara moja kwa mwezi pima kwa kipima fensi mwisho wa mzunguko, mbali kabisa na mashine: juu ya volti 6000 ni nzuri, chini ya 3000 kuna pahali panavuja.

Seng'enge ya wembe ni nafuu kuliko hiyo na haihitaji umeme. Inachelewesha kidogo, maana godoro kuukuu au gunia huifunika, na karibu na bahari ile ya mabati hushika kutu mapema. Tunaikubali kwa ukuta wa nyuma unaopakana na kichaka, ikifungwa mahali ambapo mtu wa barabarani hawezi kuigusa kwa bahati mbaya.

Kamera

Kama bado una hela, sawa. Jua tu kile inachoweza. Ili sura ya mtu itambulike, picha inahitaji kama nukta 250 kwa kila mita ya upana wa eneo. Kamera ya 1080p ina nukta 1920 kwa upana, kwa hiyo inatambua sura pale eneo lilipo na upana usiozidi mita 7.7. Kwa lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo ya kawaida madukani, hapo ni mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Mbele zaidi utaona mtu, hutaona ni nani. Ndiyo maana kamera ya kona ya paa inatoa picha ya kofia. Weka moja ya lenzi ya milimita 4 kwenye urefu wa mita 2.5, ikitazama mlango mdogo wa geti, nyingine zitazame maeneo kwa upana.

Za waya ni bora kuliko za Wi-Fi, ambazo hufa pamoja na umeme au bando. Kamera 4 zinazorekodi kwa megabiti 2 kila moja kwa sekunde hujaza GB 86 kwa siku, hivyo diski ya TB 1 inakupa siku 11. Mashine ya kurekodi isikae sebuleni chini ya televisheni, ambapo mwizi anaiona kwanza. Ipandishe darini penye hewa au ndani ya kabati lenye kufuli, na iwe na UPS yake, yaani betri ya akiba ya kuiendesha umeme ukikatika. Badilisha neno la siri la kiwandani siku hiyo hiyo. Taa za infraredi, zinazoiwezesha kamera kuona gizani, huvuta wadudu, na buibui hufuata wadudu. Utando mmoja mbele ya lenzi hugeuza picha nzima nyeupe, kwa hiyo fagia kila mwezi. Kamera isitazame ndani ya ua wa jirani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ukiacha sheria, jirani aliyechukizwa hatakuamsha siku akimwona mtu juu ya ukuta wako.

Fundi akimaliza kazi yoyote kati ya hizi, bakiza robo ya ujira mpaka majaribio yafanyike mbele yako. Zima swichi kuu usiku, uone kama fensi, king'ora na mashine ya kurekodi vinaendelea. Gusisha waya wa fensi na ethi kwa nondo yenye mpini wa mbao mkavu. King'ora kilie ndani ya sekunde chache. Katiza mbele ya kila taa ukianzia ukutani, si chini yake. Nyanyua geti kwa nondo. Chukua namba za utambulisho (serial) za vifaa, risiti, na mchoro wa mahali fimbo za ethi zilipo, kwa sababu atakayekuja kutengeneza baada ya miaka mitatu hatakuwa yuleyule.